Mjomba Asiyemaliza Gemu

Pale Mwembesongo ukiuliza banda la gemu la Hatibu, yeyote atakuonyesha, na huyo huyo atakuongezea bila kuulizwa kwamba Hatibu mwenyewe hamalizi gemu. Na ni kweli. Sisemi zile za mpira ambazo wateja wake wanagombania padi kutwa nzima. Hizo zina dakika zake, zikiisha zimeisha. Nasema zile za stori, zenye watu na safari na misiba. Hizo Hatibu anazipenda kuliko chakula, lakini ikibaki sehemu ya mwisho tu, anaizima, anaweka nyingine. Mtu mzima wa miaka arobaini na tano, mvi zimemjaa kidevuni, anakimbia mwisho wa gemu. Walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Zamani hakuwa hivyo. Alianza mwaka ule Halidi alipoondoka.

Halidi ni mtoto wa Shadya, dada yake mkubwa Hatibu. Na kwa Waluguru, asikudanganye mtu, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kijana alipotaka kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, mama yake alikataa, akalia, akasusa kula. Kijana akateremka kutoka Matombo mpaka mjini kwa mjomba wake. Hatibu akamwambia nenda, Mungu akutangulie. Mjomba ameshasema, mama atasema nini tena? Halidi alipiga simu mara mbili, ya mwisho akiwa Msumbiji, halafu kimya. Mwaka huu ni wa saba.

Shadya hakuwahi kumlaumu mdogo wake, na hilo ndilo lililomuumiza Hatibu zaidi. Bora angetukanwa.

Sukari ilipomzidi, Shadya aliacha kufundisha kule milimani, akashuka kukaa kwa Hatibu ili awe karibu na hospitali. Mchana kutwa yupo tu, anaangalia ukuta. Hatibu akamwonea huruma, akahamisha mashine moja kutoka bandani, akaifunga kwenye runinga ya sebuleni, akaweka gemu ya mwanamke anayevuka nchi ya theluji kumtafuta mwanawe aliyepotea. Aliiweka bila kuijua, jamani. Alipojua inahusu nini, dada yake alikuwa ameshanogewa.

Gemu yenyewe haina sauti za watu. Maneno yanaandikwa chini, Kiingereza kitupu, na yanakusubiri mpaka ubonyeze. Kiingereza cha Hatibu ni cha kuombea maji. Shadya alikifundisha miaka ishirini na mitatu. Basi wakagawana kazi. Mmoja anabonyeza, mwingine anasoma na kutafsiri, na tafsiri yake haikukosa chumvi.

"Huyu Bi Mkubwa hana akili," Shadya alimsema siku moja yule mwanamke wa kwenye gemu. "Theluji yote hii, kavaa viatu vya kwendea harusini."

Hatibu alicheka mpaka padi ikamponyoka. Siku hizo zilikuwa nzuri.

Lakini kule Matombo ukoo ulikuwa umeshakaa vikao viwili. Wanataka Halidi asomewe hitma, watu walie, mambo yaishe. Mzee Mosi, mkubwa wa ukoo, akampigia Hatibu, maana neno ni la mjomba. Hatibu kwa mara ya kwanza akaogopa neno lake mwenyewe. Akasema mama wa mtoto aulizwe.

Shadya alijibu bila kutoa macho kwenye runinga. "Tumalize kwanza hii. Nione Bi Mkubwa anampata au hampati. Halafu nitawaambia."

Ungemwona ni mgonjwa anayejisemea tu. Hatibu alimjua dada yake. Mwalimu yule hakuwa mtu wa kusema ovyo.

Kuanzia hapo akaanza kupiga chenga. Badala ya kumpeleka Bi Mkubwa mlimani alikotakiwa, akamrudisha vijijini kuchanja kuni, kuchuma majani ya dawa, kutafuta mbuzi wa watu. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Moyoni alijipigia hesabu zake: gemu isipoisha, jibu halitoki; jibu lisipotoka, mtoto hajafa, na yeye hajamuua.

"Hatibu, huyu mbuzi tulishamtafuta juzi."

"Huyu ni mwingine, dada."

"Mbuzi namjua mimi. Unaogopa nini?"

Hatibu akaendelea kubonyeza. Kesho yake akachanja kuni tena.

Sukari haikumsubiri Shadya. Ilianza jicho la kushoto, akawa anasogeza kiti karibu na runinga; halafu la kulia. Hospitali walifanya walichoweza, wakasema hapo palipofika hapana marejeo. Asubuhi moja Shadya aliomba chai, na kikombe kilikuwa mbele yake.

Hatibu alitoka nje, akajifanya anaangalia wingu lililoshuka Uluguru, akalia.

Aliporudi, dada yake alisema, "Sasa tumalize."

"Nimwite Evance? Yule mteja wangu wa chuo, atatusomea vizuri."

"Simtaki Evance. Mambo ya mwanangu asomewe na mtu baki? Utanitajia herufi moja moja, nitaunga mwenyewe."

Siku mbili zilizofuata Hatibu hakuchenga. Alimpandisha Bi Mkubwa mlimani moja kwa moja, akitaja herufi hadi koo likamkauka, naye Shadya akiziunga kwa subira ya mwalimu. Ilikwenda vizuri, kwa sababu maneno yalisubiri. Ijumaa baada ya swala wakafika mwisho kabisa, na mwisho ule haukusubiri mtu. Gemu ikaanza kujiendesha yenyewe. Mstari unatokea, unafutika, unakuja mwingine.

"T, h, e," Hatibu alisoma mbio, "w, i, n..." Umeshafutika. "Dada, yanakimbia."

"Endelea."

"S, h, e..." Umefutika nao. Jasho likamtoka. Alibonyeza kila kitufe, hakuna kilichosimama.

"Basi, Hatibu, acha," Shadya alisema taratibu. "Niambie tu unachokiona. Amempata?"

Kwenye runinga Bi Mkubwa alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe. Jiwe lilikuwa na jina, na jina lile Hatibu hakuhitaji kutafsiriwa. Ndilo la yule mwana waliyekuwa wakimtafuta miezi yote hiyo.

Dada yake alikuwa amemgeuzia uso, macho wazi, hayaoni kitu.

"Amempata," alisema Hatibu.

"Mzima?"

"Mzima. Amekua mkubwa. Wamekumbatiana."

Shadya alishusha pumzi ndefu. Miaka saba Hatibu hakuwa ameuona uso ule ukilegea namna hiyo. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata wa mdogo wake.

"Mpigie Mzee Mosi sasa hivi. Mwambie hakuna hitma. Mwanangu anasubiriwa."

"Dada..."

"Wewe ndiye mjomba. Mimi hawatanisikiliza."

Akapiga. Shikamoo ikaitikiwa, habari za mgonjwa zikaulizwa, na Hatibu akalisema neno lile kama alivyoambiwa. Mzee Mosi akasema sawa, mjomba ameshasema. Pembeni Shadya alikuwa ameanza kuuliza kile chumba cha uani kama bado kinavuja, maana Halidi akirudi ndimo atakamolala.