Jumapili Niliyobadilisha Sensa

Binti yangu alikuwa kidato cha nne, katika shule ya bweni ya wasichana huko Meru, aliponiandikia barua fupi kuliko zote alizowahi kuniandikia. Alisema siku ya wazazi ya muhula ule ndiyo ingekuwa ya mwisho kwake, na kwamba safari hii nifike asubuhi, tukae. Hakuomba kuku wala chapati wala sabuni. Neno "tukae" alilipigia mstari.

Alikuwa na haki ya kulipigia. Muhula uliotangulia nilifika saa tisa, saa moja tu kabla ya kengele, kwa sababu gari liliniishia petroli karibu na Chuka. Nilikuwa nimetia mafuta Embu, ya kunipeleka na kunirudisha, na bado likakauka njiani. Taa ya injini ilikuwa imewaka kwa wiki kadhaa, moshi ulikuwa mweusi, na nguo zangu zilinuka petroli hata nikienda kanisani.

Wakati huo nilikuwa afisa wa mifugo Siakago. Mke wangu tulikuwa tumemzika nyumbani, milima ya Nyambene, mwaka mmoja kabla. Siku za wazazi zilikuwa mali yake. Yeye ndiye aliyejua pa kuegesha gari, chini ya miti ya nyuma, na ndiye aliyefungua buti na kutandaza kitambaa. Tukishamaliza kula, binti aliingia kiti cha nyuma, akafunga mlango na kulala na kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Huko ndani walizungumza Kimeru kwa sauti ya chini. Mimi nilizungukazunguka nje nikipiga mateke magurudumu, kama mtu anayekagua gari la kununua.

Fundi wa Siakago aliitazama taa ile akacheka. Watu wa kule humwita kila mtu wa ofisi yetu daktari. "Hiyo taa ni ya kusumbua tu, daktari," akaniambia. "Weka tepu nyeusi hapo juu, utalala." Hakuwa anatania. Nusu ya magari ya mji ule yalikuwa na kitepu kwenye dashibodi, na wenyewe walilala vizuri.

Nikaenda Embu kwa fundi wa umeme wa magari aliyekuwa na mashine ya kusoma hitilafu. Aliichomeka, akasoma, akaniambia ni sensa ya oksijeni, ile iliyofungwa kwenye ekzosi, bomba la moshi, karibu na injini. Alinieleza kwa upole. Sensa ile hunusa moshi unaotoka, halafu inaiambia injini kama petroli imezidi au imepungua. Ikifa, injini inabaki kukisia, na kwa kuogopa kupunguza inamwaga kupita kiasi. Akasema nimwachie gari siku moja alimalize.

Nilikataa. Nilimwambia nitaifanya mwenyewe, ni nati moja tu. Ukweli ni kwamba Jumamosi za Siakago zilikuwa zinanimaliza. Wenzangu wa ofisini waliondoka Ijumaa adhuhuri kwenda kwa familia zao, nami nikabaki na mabati yanayolia kwa joto na redio ya jirani. Nilitaka kazi ya kunifikisha jioni. Mtu akitaka kucheka na acheke, lakini niliifurahia ile sensa iliyokufa.

Nilikuwa na wiki tatu. Mbili nilizipoteza nikijiambia bado kuna wakati, na ya tatu nikaimaliza vijijini tukichanja ng'ombe. Kwa hiyo niliingia chini ya gari Jumamosi yenyewe, siku moja kabla ya siku ya wazazi.

Nati ya sensa husumbua ikiwa baridi, kwa hiyo niliwasha injini kwanza ekzosi ipate moto. Nilichomoa waya ili spana namba ishirini na mbili ipite, nikamwagia mafuta ya kulegeza kutu, nikavuta. Haikusogea. Nikavuta tena, nikaunguza mkono juu ya kifundo, nikalaani, nikamwomba Mungu msamaha, nikavuta tena. Ililegea saa sita, na mlio wake ulinifanya nicheke peke yangu chini ya gari. Ncha yake ilikuwa nyeusi ti kwa masizi.

Nikaifunga kwa gazeti, nikapanda gari la abiria hadi Embu. Wauza spea wetu hawataki maelezo. Ukifika dukani na jina la kitu na mwaka wa gari wanakuuliza jambo moja tu, sampo iko wapi, na huwezi kuuziwa mpaka utoe mezani kile kibovu chenyewe. Ndiyo maana nililazimika kung'oa ya zamani kabla ya kupata nyingine. Maduka matatu waliigeuza sampo yangu wakatikisa kichwa. Wote walinielekeza kwa mtu mmoja, mwenye spea za Japani mkabala na steji, na nilipofika nikakuta kufuli.

Nilisimama pale nikiitazama kufuli kama mjinga. Mwenye duka alikuwa Msabato. Nilimjua miaka minane, nilijua hafungui Jumamosi hata umlilie, na bado jambo hilo halikunijia akilini. Sisi wa kanisa la Jumapili tunajisahau, tunadhani Mungu anapumzika kwa ratiba yetu. Mama aliyeuza ndizi pembeni aliniambia nirudi kesho, wengine tukienda kanisani yeye ndipo anafungua.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa mbele ya duka lile, na sampo mfukoni. Lilikuwa bado limefungwa. Upande wa pili wa barabara gari la Meru lilikuwa linajaza. Kondakta aliniona nimesimama nimevaa vizuri, akavuka barabara kunifuata.

"Mzee, Meru? Zimebaki mbili tu, twende."

"Nina gari," nilimjibu.

Nimeirudia asubuhi ile kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Ningepanda, ningefika shuleni saa nne, geti likifunguliwa. Ni kweli chakula kilikuwa kimebaki Siakago, kuku niliyempika mwenyewe na chapati nilizoagiza hotelini, lakini Meru haina uhaba wa chapati. Nilijiambia kwamba binti atataka kiti chake cha nyuma. Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Niliogopa kukaa naye kwenye nyasi, sisi wawili, bila kitu cha kushika mkononi. Gari likiwepo, mtu anaweza kufungua boneti.

Lile la Meru likaondoka. Duka lilifunguliwa saa mbili u nusu. Msabato aliipokea sampo, akaigeuza mara moja, akaingia nyuma na kutoka na nyingine iliyofanana nayo hadi kichwa cha waya. Kazi ya dakika mbili.

Saa nne nilikuwa chini ya gari Siakago, na kengele za makanisa zimenyamaza. Kuifunga kulinichosha kuliko kuing'oa. Tundu lilijaa kutu, na mara mbili nilianza kuikaza ikiwa upande, nikaitoa, nikasafisha hesi, ile mizunguko ya ndani ya tundu, kwa waya, nikapaka grisi kidogo bila kugusa ncha, nikaanza upya kwa vidole. Mara ya tatu iliingia. Nilipowasha injini taa ilikaa kidogo, kisha ikazimika. Ilikuwa imekwisha kupita saa sita. Nilioga haraka, nikapakia sufuria, nikashika njia.

Sitasema uongo, niliendesha kwa furaha. Injini ilinguruma taratibu, moshi ulikuwa safi kwenye kioo, na kona za mto Thuchi gari lilipanda bila kulalamika. Runyenjes, Chuka, Nkubu, mshale wa petroli ulishuka kidogo tu. Nilikuwa nikiyapanga maneno ya kumweleza. Nilifikiri angejivunia.

Nilifika geti saa kumi kasoro robo. Magari ya wazazi yalikuwa yanatoka, nami peke yangu naingia, na bawabu akaniambia kwa huruma niwahi. Kwenye nyasi palikuwa na maganda ya ndizi na karatasi. Chini ya miti ya nyuma hapakuwa na mtu. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za darasa, mikono magotini, macho kwenye barabara ya geti. Alisimama, akanisalimu vizuri. Hakuwa amelia, au alikuwa amemaliza zamani.

Nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula na wazazi wa rafiki yake, walimwita walipomwona amekaa peke yake. Basi nikaanza. Nilimweleza nati na kutu, nikamweleza sampo na kufuli ya Msabato, nikamweleza jinsi sensa inavyonusa moshi. Nilifungua boneti nikamwonyesha. Aliinama akatazama mahali nilipoonyesha kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake. Niliongea mpaka kengele ikalia.

Hapo ndipo aliposema, akiangalia injini wala si mimi, "Si ungekuja tu, Baba."

Nikamwambia chakula kilikuwa nyumbani. Akasema sawa. Alichukua chapati mbili akazikunja kwenye karatasi, akaniaga, akaenda bwenini na wenzake. Kuku nilirudi naye Siakago nikamla peke yangu mpaka Jumatano.

Binti huyo sasa ni mwalimu, yuko Nairobi na ana watoto wake. Ni mtoto mwema, hakuna aliye na mwema kumshinda. Hunipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, na baada ya salamu swali lake la kwanza ni moja siku zote: gari linaendeleaje. Mimi hujibu. Namweleza breki, namweleza oili, namweleza matairi, naye husikiliza kwa adabu mpaka watoto wamwite.

Lile gari nililiuza mwaka juzi kwa mtu wa Laare. Sijamwambia. Jumapili iliyopita alipouliza nilimjibu kwamba linatembea vizuri, ila nafikiria kulibadilishia plagi.