Klachi ya Baba

Nina kibanda cha ufundi nyuma ya soko la Uyole, Mbeya. Mtu akiniletea pikipiki inayochoka mlimani, simuulizi maswali mengi. Nafungua injini upande wa klachi, natoa sahani na springi zilizochakaa, naweka mpya, na chini ya kila springi naweka washa moja, pete nyembamba ya chuma. Springi ikibanwa hivyo, klachi haitelezi tena; ukivuta mafuta, pikipiki inachomoka. Wabeba viazi wa milima ya huku wanaipenda sana kazi hiyo. Anayetaka mwendo wa lami namfungia sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo, yenye jino moja zaidi, na siku ya pili anarudi kunisimulia jinsi alivyoyapita malori. Mimi napenda kusifiwa, siwezi kuficha.

Krismasi ya mwaka juzi nilikwenda nyumbani Idodi na mfuko wangu wa spana. Baba ni mwinjilisti wa Kilutheri, na washarika walimpa pikipiki ya kuwafikia wagonjwa wa vijiji vya pembeni. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa dada yake mkubwa, shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa haamki tena kitandani. Kila Alhamisi baba alivuka korongo la mchanga kwenda kusali naye, na shangazi alikuwa amemwambia jambo moja tu: siku yake ikifika, anataka kaka yake awepo amshike mkono. Baba alimwahidi. Mimi mwenyewe nilikuwepo akiahidi.

Pikipiki ilikuwa imechoka. Injini ilikuwa inalia, tairi la nyuma linajivuta. Baba aliniomba niitazame, kwa sababu aliogopa itamwangusha katika ahadi yake. Nilifanya kazi tangu baada ya chai hadi jua la mchana, kivulini mwa jiko. Niliweka sahani na springi mpya, washa chini ya springi zote, na sproketi ya mbele niliyokuja nayo kutoka Mbeya. Yaani nilimpa kila kitu ninachowapa wateja wangu, tena bila kupunguza. Nilipoijaribu kwenye barabara ya kuelekea hifadhi ya wanyama, vumbi lilisimama nyuma yangu na machozi yakanitoka kwa upepo. Nilirudi nikicheka peke yangu, nikamweleza baba, nikarudia kumweleza, hadi majirani wakaja kusikiliza.

Baba akaipanda, akazunguka hadi kanisani na kurudi. Aliposhuka alikuwa anausugua mkono wa kushoto kwenye suruali.

"Sasa imekuwa ya vijana," akasema, akanishukuru.

Nilidhani ananisifu.

Mkono ule wa kushoto ulijeruhiwa na panga kabla sijazaliwa, na vidole viwili havikunjiki. Nimeujua toka utoto. Ndio ulionishika nikijifunza kutembea, ndio anaofungulia Biblia. Labda niliuzoea mno, nikaacha kuuona. Nilipoipima klachi niliipima kwa mkono wangu, mkono unaofungua nati zilizoota kutu, na mkono wangu ukaniambia iko sawa.

Nikarudi Uyole. Kila nilipompigia simu nilimuuliza pikipiki inaendaje, naye akajibu kwamba ipo, haina shida. Baba hasemi uongo, na hapo pia hakusema. Ilikuwepo, stoo, imefunikwa kitenge. Alhamisi alikuwa akiondoka alfajiri kwa miguu.

Mwezi wa sita nikapigiwa simu kwamba shangazi amefariki. Nilifika Idodi kesho yake, tukazika. Kaburini baba alifika akichechemea, nikadhani ni uchovu, akasoma neno kama anavyosoma kwa marehemu yeyote, ila alipofika kwenye jina la dada yake alinyamaza, na mwimbaji mmoja akaanzisha wimbo kumsaidia. Mimi nililia bila kujizuia. Yule mama alinilea.

Baada ya watu kula na kutawanyika, niliingia stoo kutafuta jembe la kurudisha kwa jirani. Nikaiona pikipiki. Taa ilikuwa imepasuka, na kwenye injini kulikuwa na mchanga mweupe wa korongo. Nilimuuliza jirani aliyenifuata, ndiye aliyeikokota kutoka korongoni, naye akanieleza akidhani ninajua. Asubuhi ya siku aliyofariki, mtoto wa shangazi alipiga simu kwamba mama anamwita kaka yake, aje upesi. Vijana wa bodaboda wote walikuwa wamekwenda mnadani. Baba akaitoa pikipiki stoo.

Kwenye mchanga hupiti kwa mwendo. Unatia gia ya kwanza, unabana klachi nusu, unaachia kidogo, unabana tena. Sisi mafundi tunasema unaibembeleza. Na sproketi niliyoongeza ilikuwa imeifanya gia ya kwanza iwe nzito kuondoka, kwa hiyo ilitaka kubembelezwa zaidi, kwa springi ngumu, kwa vidole vitatu. Katikati ya korongo mkono ulimwachia. Injini ikaruka, ikazima, pikipiki ikamlalia mguu. Alijitoa akaiacha pale pale, akatembea akichechemea. Alipokaribia boma la dada yake alisikia watu wameanza kulia.

Nilimkuta baba amekaa nje ya jiko, mguu ameunyoosha. Nilikaa chini mbele yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mteja yeyote.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"



"Ulikuwa umefurahi sana siku ile, mwanangu. Nikasema, mkono utazoea."

Kesho yake niliifungua ile injini mahali pale pale kivulini. Nilitoa washa moja moja nikaziweka kwenye kifuniko cha chupa, nikatafuta springi laini za zamani ambazo baba alikuwa amezihifadhi kwenye kopo la misumari, kwa kuwa yeye hatupi kitu. Sproketi yangu niliitoa pia, nikarudisha ya zamani. Nilijua pikipiki itakuwa ya polepole, na barabarani hata bajaji itaipita. Safari hii sikuijaribu mimi. Nilimwomba baba aje.

Alikuja akichechemea, akashika usukani bila kupanda. Vidole vitatu vikabana klachi hadi mwisho, vikaachia taratibu, vikabana tena nusu na kutulia hapo. Alirudia mara nyingi, akiutazama mkono wake. Nami niliutazama.

"Kwa hii," akasema kwa sauti yake ya kawaida, "ningefika."