Kupungua Nikiwa Mkekani

Nilipopelekwa Newala kama mke wa mtu nilikuwa mwembamba, na mama mkwe wangu hakuificha huzuni yake. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akauzungushia vidole, kisha akamwambia mwanawe kwa Kimakonde maneno ambayo mume wangu alikataa kunitafsiria mpaka tulipopata mtoto. Alikuwa ameuliza, "Kwani huko Singida hawali?"

Akaanza kazi yake siku hiyo hiyo. Mimi na mume wangu tulikuwa walimu, tulikutana chuoni, na kwa kuwa tulishinda shuleni, jiko lilikuwa la mama. Asubuhi aliniwekea muhogo wa kuchemsha na chai ya sukari nyingi. Mchana ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, na mbaazi, tena mbaazi za nazi pale nazi zilipopanda kutoka pwani. Jioni ugali tena. Katikati ya milo zilikuwapo korosho alizozichoma mwenyewe uani. Nilizitafuna nikisahihisha kazi za watoto, na sahani ilipokwisha ilijaa tena bila mimi kuomba.

Nikanenepa. Siku hizo unene wa mwanamke aliyeolewa ulikuwa sifa ya nyumba nzima. Sokoni wanawake walimpongeza mama mkwe wangu kana kwamba mwili ule ni shamba lake lililostawi. Kwenye mikutano ya kijiji tulisikia habari za wanyonyaji wenye vitambi, tukapiga makofi, lakini hakuna aliyenigeukia. Kitambi cha mnyonyaji kilikuwa cha mwanamume, na aghalabu cha mwanamume wa mbali.

Halafu nikaanguka. Vita vya ng'ambo ya mto Ruvuma vilikuwa vimepamba moto, tulikuwa tukizoea kunyamaza kila tuliposikia ndege, na mwaka huo maji ya bomba yalikatika kwa muda mrefu. Wanawake wakarudia njia ya mama zao: kuteremka ukingo wa mlima mpaka visima vya bondeni, kisha kupanda tena na ndoo kichwani. Mama mkwe alinikataza nisiende. Nikamwambia siwezi kukaa kitako nikiletewa maji na mtu aliyemzaa mume wangu. Kuteremka kulikuwa rahisi. Wakati wa kupanda, jiwe lilinitoka chini ya mguu, ndoo ikaenda zake, na mimi nikaenda upande mwingine. Nilisikia mlio ndani ya goti kabla sijasikia maumivu.

Nilipandishwa kwa machela ya kanga na miti, kisha nikapakiwa kwenye lori mpaka hospitali ya misheni upande wa Masasi. Nililala huko muda mrefu, mguu umefungwa plasta kutoka pajani hadi kwenye vidole. Kitandani hakuna la kufanya ila kula, na wageni wangu wote walikuja na vyombo. Siku ya kuniruhusu, daktari, mama mmoja mtu mzima aliyesema Kiswahili polepole, alinitazama kwa makini.

"Mfupa wa juu ya goti umeanza kushika," alisema. "Lakini siku utakaposimama, goti litabeba mzigo mkubwa. Lazima upungue."

"Nifanye mazoezi gani, daktari?"

"Mazoezi? Mguu huu usikanyage chini mpaka nikuambie. Utapungua kwa chakula." Akaongeza maneno mengine, kwamba nisikimbilie, kwamba nisilale na njaa. Lakini mimi nilikwisha kulishika lile la kupungua, na mengine yalinipita.

Nyumbani nikajitungia sheria yangu. Asubuhi chai kavu. Mchana sikula kitu, nikisema sina hamu. Jioni matonge machache ili mama asilie. Mume wangu alikuwa amehamishiwa shule ya Tandahimba, akija kwa baiskeli Jumamosi, na nilijitahidi kula vizuri siku hiyo. Kwa muda niliona fahari: gauni lililegea begani. Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Nikawa mkali kwa mtoto wangu bila sababu. Asubuhi moja, nikiwa kwenye magongo kuelekea chooni, ua wote ukageuka mweusi. Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mama mkwe, naye ananipepea kwa upande wa kanga yake huku akiita watu.

Tabibu wa zahanati alikuja mwenyewe, kijana wa Bukoba asiyejua kupunguza sauti. Alilipapasa goti kwanza, akamshukuru Mungu kwamba plasta haikupasuka, halafu akauliza nimekula nini jana. Nikamwambia.

"Nani alikuambia ujiue kwa njaa?"

"Daktari alisema nipungue."

"Upungue, Mwalimu! Mfupa unajengwa na nini? Na hewa? Ukipungua kwa kasi hivi, unapoteza nyama iliyoshika mifupa, na huo mguu uliolala ndio utakaokonda kuliko mwili mwingine."

Akamgeukia mama mkwe wangu na kusema naye kama watu wawili wenye kazi moja. Ugali, nusu ya ule wa kawaida. Mbaazi, kunde, dagaa, yai likipatikana: visipungue hata kidogo. Majani kwa wingi. Sukari ya chai iondoke, na korosho zisikae karibu na mgonjwa, maana mtu aliyeketi hula bila kujua. Kula mara tatu kwa siku, na kizunguzungu kikirudi, aitwe. "Na uwe na subira," aliniambia akiwa mlangoni. "Unene huu hukuupata kwa wiki moja."

Mama mkwe alisikiliza yote, akamsindikiza, akarudi na kuketi mbali nami.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "mimi ndiye niliyekuvunja mguu."

Nilimwambia ni jiwe. Alikwenda jikoni, na mchana ule alipakua ugali, akautazama, akaukata nusu kwa mwiko, akichungulia mlangoni kama mtu anayeiba.

Hiyo nusu iliyobaki haikukosa mlaji. Jirani yetu wa nyuma alikuwa amempokea ndugu yake aliyekimbia vita, mwanamke wa rika langu kutoka ng'ambo ya mto. Alitembea msituni muda mrefu kabla ya kuvuka, mumewe alibaki na wapiganaji, na alichokula njiani ni mizizi. Mifupa ya mabega yake ilichora nguo kwa ndani. Mama mkwe aliujua ukoo wake, akamwita aje kula nasi kila siku, na ndivyo tulivyojikuta watatu kwenye mkeka mmoja.

Siku ya kwanza aliona chakula changu kikipunguzwa na chake kikiongezwa. Akauliza kwa Kimakonde chake cha ng'ambo, na mama akanitafsiria huku hanitazami: "Anauliza kama Mwalimu anaumwa tumbo."

"Mwambie ukweli," nilisema.

Mama akamwambia. Nilitamani mkeka unifunike. Mtu aliyeishi kwa mizizi, ameketi kando yangu, anaelezwa kwamba mimi nakataa ugali kwa sababu nimeshiba kupita kiasi miaka mingi. Nilingoja acheke, au ainuke aondoke. Alilitazama goti langu, akaweka kiganja juu ya plasta, kisha akaanza kusimulia polepole, akitua kila mara ili mama atafsiri.

Alisema kundi lao lilipovuka, watu wema wa kijiji cha kwanza waliwapikia sufuria kubwa. Mwenzao mmoja alikula mpaka akashindwa kusimama, na hakuiona asubuhi. Waliobaki wakanyweshwa uji mwepesi, kidogo kidogo. Yeye mwenyewe alilia akiomba zaidi, akanyimwa. "Kwa hiyo mimi na wewe," mama alimalizia maneno yake, "tumekatazwa haraka sote wawili."

Akanisogezea bakuli la majani ya kunde, akachukua tonge lake, na tukala.

Tangu siku hiyo nilikula bila kujificha. Sisemi ilikuwa rahisi. Kiangazi kilikuwa kikali, majani mabichi yalikuwa haba, na kuchemsha kunde kulihitaji maji ambayo watu waliyafuata bondeni. Mama alikausha majani, akapika kisamvu, akapata dagaa kwa wachuuzi. Njaa yangu ilikuwa na wakati wake, ile saa ya alasiri ambapo zamani nilikuwa na sahani ya korosho. Saa hiyo yule mwanamke alikuja kukaa nami tupukuchue mbaazi. Alinifundisha maneno yake, nami nikamfundisha kusoma vichwa vya habari kwenye gazeti kuukuu lililofungiwa sukari. Mara nyingi alasiri ilipita bila mimi kuikumbuka korosho.

Tatizo lilitoka nje. Watu walianza kuona mashavu yangu yakishuka na ya mgeni wetu yakipanda. Siku moja mama wa nyumba ya pili alikuja kunijulia hali wakati mama mkwe hayupo, akatoa maandazi yaliyofungwa ndani ya kanga.

"Kula upesi, mwanangu," alininong'oneza. "Tumesikia. Mkwe wa watu ananyimwa chakula, anapewa mkimbizi."

Kabla sijajibu, mama mkwe alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Alimwamkia jirani kwa adabu, akampa kiti, hata akamshukuru kwa maandazi. Jirani alipoondoka, mama aliketi chini akajifunika uso. Sikuwahi kumwona hivyo. Jina la mwanamke wa pale lilikuwa mkono wake wa kutoa, na mimi nilikuwa nimemvua jina hilo kwenye uwanja wa nyumba yake.

"Nitaanza kula kama zamani," nilisema. "Wacha goti liwe litakavyokuwa."

"Nyamaza," alisema. Kisha, baada ya kufikiri: "Una nguvu za kufika ghalani?"

Ghala la chama cha ushirika lilikuwa karibu na kwetu, na ulikuwa msimu wa kununua korosho; watu walijaa na magunia yao. Nilikwenda kwa magongo, mama mbele, yule mwanamke nyuma yangu akichunga nisianguke. Mama alipita mbele ya foleni moja kwa moja mpaka kwa karani wa mizani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipimie watu wangu wawili."

"Mama, hii ni mizani ya korosho."

"Kwani korosho zina uzito wao na watu wana wao?"

Watu wakacheka. Karani, ambaye watoto wake nilikuwa nawafundisha, alinisaidia kupanda huku nimesimamia mguu mmoja na kushika bega lake. Akasogeza chuma cha mizani, akasogeza tena. "Plasta nayo imo," alisema, "lakini Mwalimu bado anashinda gunia."

"Mmesikia!" mama alipaza sauti. "Gunia la korosho na zaidi! Ndiye huyo ninayemnyima?"

Kicheko kilienea mpaka nje, nami nilicheka nao, ingawa masikio yaliniwaka moto. Kisha mama akamshika mkono yule mwanamke akampandisha. Karani akakirudisha chuma nyuma, akangoja. Akakirudisha tena. Yule mwanamke alikuwa amekula nasi kwa miezi, na kwa macho yetu alikuwa amenenepa. Karani hakuusoma uzito wake kwa sauti. Hakuna aliyemwomba ausome.

Kesho yake asubuhi, mama wa nyumba ya pili alileta kuku wawili. Aliwatoa wote kwa mgeni wetu, hakusema kitu kuhusu maandazi, na mama mkwe hakumkumbusha. Watu wengine walileta mbaazi na muhogo. Maneno yakaisha.

Plasta ilipofunguliwa kule hospitalini, mguu wangu ulitoka mwembamba na mweupeweupe, kama wa mtu mwingine. Daktari alinipima, akaniuliza nilikuwa nakula nini, nikamweleza habari za mkeka wetu. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akanisimamisha. Hatua ya kwanza iliuma mpaka machozi yakanitoka, lakini goti lilishika. Nilirudi darasani na fimbo. Baadaye fimbo nikaiacha, ingawa wakati wa baridi goti hunikumbusha, na mlima wa bondeni sikuupanda tena.

Sikuwa mwembamba, wala sikutaka kuwa. Baadhi ya unene ulinirudia nilipomzaa mtoto wa pili, nikaupunguza kwa njia ile ile, safari hii nikitembea.

Yule mwanamke alihamia kwenye makazi ya wakimbizi, akawa anakuja kututembelea msimu wa mabibo, matunda ya mikorosho. Nchi yake ilipopata uhuru alikuja kuaga. Alikuwa amejaa, ana shingo yenye mikunjo, na mama mkwe alimzungushia vidole mkononi, akashindwa kuvikutanisha. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mumewe hakurudi kutoka msituni. Alitueleza hilo akiwa amesimama, huku amekwisha kujitwika mzigo wake, nadhani ili tusimzuie. Tulimsindikiza mpaka njia inapoanza kuteremka. Sikupata habari zake tena.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baadaye, na mpaka mwisho hakuupenda mwili wangu ule mpya. Harusini, akiniona nimekaa na wageni wasionijua, alikuwa akiinama na kuwaeleza: "Huyu mkwe wangu alivunjika mguu, ndiyo maana." Kisha aliniongezea kipande cha nyama, akapunguza wali, na kupita kwenda kwa mwingine.