Gari Lisilolaza Mgonjwa

Stanislaus Nduwayezu hakuwa mtu mbaya. Hili lisemwe mapema, kwa maana kijijini kwake, kando ya barabara ya kwenda Kabanga, wapo waliosema vingine, na baadhi yao walisema hivyo huku wakitafuna maharage yake. Alikuwa tu mtu aliyechoka bega.

Kule kwenye vilima vya Kasulu mgonjwa alipelekwa hospitali kwa machela. Kila kaya ilitoa bega moja. Baragumu ikilia, unaacha jembe, unaacha uji, unaacha hata ugomvi uliokuwa umeushika vizuri, unakwenda kubeba. Na ukikutana na machela njiani, hata kama humjui mgonjwa wala kabila lake, unaweka mzigo wako chini na kumpokea mbebaji mmoja hadi kilima kinachofuata. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na Stanislaus alikuwa amebeba sana. Alibeba wajawazito, alibeba walioumwa na nyoka, akambeba na mlevi mmoja mnene aliyezinduka katikati ya mlima na kuagiza pombe.

Kisha, miaka ile ya tisini wakimbizi walipojaa Kibondo, akaanza kupeleka maharage ya kulisha kambi, na mambo yakamnyookea. Siku moja lori lake liliharibika, mzungu mmoja wa misaada akampa lifti. Stanislaus alikaa kiti cha nyuma. Kioo kilikuwa juu, vumbi lilikuwa nje, mashimo ya barabara yalipita chini yake kwa heshima. Akalala usingizi mchana kweupe! Tangu siku hiyo mwili wake ulikataa kabisa kurudi kwenye lori.

Akaenda Kasulu mjini kwa Omary Gharibu, muuza vipuri mwenye asili ya Bagamoyo na wajomba bandarini Dar es Salaam. Alimweleza kuwa hataki gari kubwa la kujionyesha. Alitaka dogo la familia, lenye starehe, linaloweza kupanda milima wakati wa masika.

"Hapo umenena," alisema Omary, akamtandazia kipeperushi chenye picha. "Lakini usikurupuke, bwana Stani. Umbo ni hilo hilo, ila lipo fupi la milango mitatu na refu la milango mitano. Halafu injini. Kuna petroli ndogo ya silinda nne, hailii, haitetemeki. Kuna petroli kubwa ya silinda sita, hiyo ukiigusa tu ushafika Kibondo, ila inakunywa kama mlevi wa msibani. Kisha ipo dizeli. Dizeli ina kelele, lakini kwa milima hii ya kwenu, haki ya Mungu, ndiyo yenyewe."

Stanislaus aliomba siku chache za kufikiri, akakosea kwenda nacho kipeperushi nyumbani. Kufika Jumapili, misa ilipotoka, kilikuwa kimepita mikono yote ya parokia. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nao waliivuta hasa.

"Chukua refu," alisema mwalimu wa katekisimu. "Viti vya nyuma vinakunjwa."

"Na dizeli," akadakia mwingine. "Madereva wa malori ya kambini wote wana dizeli. Likikauka usiku tutakuchangia debe, hutakosa."

Mzee Tharsisi, kiongozi wa wabeba machela, alikipokea kipeperushi mwisho. Alikigeuza kipeperushi huku na huku, akaweka kidole juu ya mlango wa nyuma. "Sasa hapa," aliuliza kwa upole, "kichwa kitakaa upande gani?"

Ndipo Stanislaus alipoelewa kuwa wenzake hawakuwa wakimshauri, walikuwa wakijichagulia. Gari lilikuwa bado halijapanda meli, na tayari limeshajazwa wajawazito, homa za matumbo na maiti wa kurudishwa kwao. Yeye alitaka kitu kimoja tu duniani, kiti laini ambacho mtu hawezi kumgongea dirisha akakiomba. Je, hilo nalo lilikuwa dhambi?

Kezia mkewe alitaka refu. "Tuna watoto wanne, baba Niyonsaba," alisema. "Katika fupi watakaa wapi, mapajani mwako?"

"Watabanana. Watoto hupenda kubanana," akajibu Stanislaus. "Fupi ndilo lenye starehe. Uliza Omary."

Omary hakuulizwa. Aliagizwa tu alete fupi, milango mitatu, petroli ya silinda nne. Alishangaa sana, kwa kuwa petroli Kasulu ilikuwa ikiadimika kama theluji. Stanislaus akatabasamu. Hilo la kuadimika ndilo lililomvutia. Mwenye dizeli huchangiwa debe na nchi nzima, ila mwenye petroli husema, "Imeisha, ndugu yangu," na hakuna wa kumbishia. Wengine huchagua injini kwa nguvu zake, huyu aliichagua kwa udhuru wake.

Gari likaja, la kijani, likang'aa hata ukaona aibu kulitazama bila kunawa uso. Viti vilikuwa vya kitambaa cha kijivu, na ukikaa vinakupokea kama shangazi. Wiki ile ile wakaletewa mtu mwenye mguu uliovimba. Stanislaus hakukataa hata kidogo. Aliufungua mlango wa nyuma mwenyewe, akawapa nafasi ya kujionea. Wakamwingiza kichwa kwanza, mguu ukabaki nje. Wakamgeuza, kichwa kikabaki nje. Mgonjwa mwenyewe akaanza kucheka, na wote wakacheka, kisha wakamweka kwenye machela na kuondoka naye.

"Mnaona wenyewe," alisema Stanislaus kwa huzuni iliyokaa vizuri usoni. Mara ya pili petroli ilikuwa imeisha. Hakukuwa na mara ya tatu. Hata baragumu haikumhusu tena, maana nani angemwita mwenye gari aje kubeba kwa bega?

Akapata alichokitaka. Kila Jumapili familia yake iliteleza kwenda misani, watoto wamebanana nyuma kama maharage guniani, yeye mbele, kioo juu. Waliotembea walisogea majanini kumpisha. Awali alidhani ni heshima. Baadaye aliona kwamba hata ofisa wa kodi hupishwa vile vile. Asubuhi alipowasalimu "Mwakeye," waliitika vizuri tu, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Kezia alianza kurudi kutoka kisimani peke yake, na Stanislaus hakumuuliza, kwa sababu alijua. Ilimuuma, tena sana, lakini kiti kilikuwa laini.

Kisha, katikati ya masika, mama yake akateleza uani. Nyonga ikavunjika. Mama alikuwa mtu wa kuficha maumivu. Alizaa watoto saba bila kupiga kelele. Lakini Stanislaus alipombeba kumwingiza garini, alilia kama mtoto. Wakakilaza kiti cha mbele, nacho kikashuka nusu na kugoma. Wakajaribu kwa nyuma, magoti yakagonga mlango. Akamgeuza mama yake huku na huku katika lile gari la starehe, mpaka mama akamshika mkono.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "niweke chini."

Akamweka chini, kwenye mkeka, mvua ikinyesha. Akasimama pale, mwanamume mzima na funguo mkononi, akalia mbele ya watoto wake. Halafu akaenda kwa Tharsisi kwa miguu.

Njiani alijiandaa kwa yote. Angeambiwa alipe faini ya pombe ya wasiobeba machela, angelipa. Angesimangwa, angeinamisha kichwa. Lakini Tharsisi alimsikiliza, akavaa koti, akachukua baragumu ukutani. "Mama yako alimuuguza marehemu mke wangu," alisema. "Twende."

Wakaja wote. Hata yule wa mguu uliovimba alikuja, mguu umepona. Mama akalazwa taratibu, akafunikwa, na kwa mara ya kwanza siku ile akafumba macho. Stanislaus akainama kuweka bega.

"Hapana, wewe una gari," alisema Tharsisi. Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana ilichoma. "Mabega yametosha. Tufuate nalo."

Machela ikatangulia barabarani, na nyuma yake likaja gari la kijani, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye kilima cha kwanza wakakutana na mgeni ametoka sokoni, fungu la mihogo kichwani. Hakuuliza jina. Akashusha mihogo ili ampokee mmoja.

"Na yule wa garini?" aliuliza.

"Ni mwanawe," wakamjibu.

Mgeni akamtazama Stanislaus, akatazama na viti. Akafungua mlango bila kuomba, akapakia mihogo yake juu ya kile kitambaa cha kijivu, akaenda kuingiza bega chini ya mama wa mtu asiyemjua. Wengine walipoona hivyo, kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika na jasho limeanza, wakavua makoti. Mmoja baada ya mwingine wakaja dirishani na kuyatupa ndani, yamelowa matope, na mapanga yao, na fimbo, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Mwisho akaja Tharsisi. Yeye lake alilikunja kwanza.

"Litunze," alisema. "Lina kiberiti mfukoni."

Stanislaus akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kiti cha mbele, kile kilicholala nusu. Mbele yake mama yake alikuwa akipanda kilima juu ya mabega ya watu, naye akatia gia ya kwanza na kuwafuata na makoti yao.