Pigo Lililochelewa

Kwenye timu waliniita Pasta, ingawa sikuwa na kanisa wala mshahara wa kanisa. Nilicheza raga mstari wa mbele pale Nyeri, na kabla ya kila mechi mimi ndiye niliyewapigisha wenzangu magoti, tukaomba, kisha tukaingia uwanjani kuvunjana mbavu. Wazee wa kanisa waliniuliza kama Yesu angecheza mchezo ule. Niliwajibu kwamba aliyepindua meza hekaluni hangeshindwa kumwangusha mtu mmoja mwenye mpira. Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Siku tulipocheza na vijana wa Karatina kulikuwa na manyunyu, na uwanja wote ulikuwa tope. Walikuwa na mkimbiaji wa pembeni, kijana mwepesi sana. Alikuwa amenipita mara mbili, na mara ya pili alinicheka. Mara ya tatu alimrushia mwenzake mpira kabla sijamfikia. Niliona umeondoka mikononi mwake, na kwenye raga asiye na mpira haruhusiwi kugongwa. Nilikuwa na nafasi ya kusimama, ndogo lakini ilikuwepo, na sikusimama. Nilimgonga kwa bega, kwa hasira, akaangukia shingo. Refa alikuwa akitazama mpira ulikokwenda.

Hakuinuka. Kabla hajabebwa, timu zote mbili zilipiga magoti topeni, wakanigeukia mimi. Niliomba vizuri sana, wanaume wazima wakalia. Mpaka leo naionea haya sala ile kuliko pigo lenyewe.

Miguu yake haikurudi.

Mama yangu ni wa ule ushirika wa waliookoka zamani, ambako dhambi huwekwa nuruni: unasimama mbele ya ndugu unaitaja, kisha unamwendea uliyemkosea. Aliwahi kupanda mlima mzima kumwambia jirani kwamba alimwonea wivu kwa sababu ya ng'ombe wake wa maziwa. Jirani alicheka, wakanywa uji. Mimi nimelelewa hivyo. Basi nami nilisimama ushirikani, nikaungama kwamba nilimtukana refa. Ndugu wakaimba, wakanikumbatia. Nilitoa dhambi ndogo ili ile kubwa ikae kimya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi yalinila usingizi, yakanila hamu ya chakula, nikaacha na raga yenyewe.

Karibu miaka miwili ilipita kabla sijaenda kwao. Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu nje ya nyumba, amefunikwa blanketi. Mama yake alikuwa ametoka sokoni, bado ana udongo wa karoti mikononi.

"Karibu sana, baba," akaniambia nilipojitaja kuwa Pasta. "Huyu kijana yangu husema wewe ni mtu ya Mungu."

Akaingia jikoni kupika chai, tukabaki wawili. Nilimwambia yule kijana yote: kwamba mpira ulikuwa umeshaondoka, kwamba niliuona ukiondoka, kwamba nilimgonga kwa sababu alinicheka. Nikamwomba msamaha. Nakiri kwamba nilipomaliza nilisikia kifua chepesi, na moyoni nilishaanza kumshukuru Mungu.

Alivuta blanketi likafunika magoti yake.

"Watu wa huku walitaka kuleta maneno," akasema. "Kocha alikuwa anataka kuandika barua ya kukushtaki. Nikawaambia wawachane na wewe, hiyo ni mchezo tu, hakuna mtu aliniumiza. Hata mathe hapo jikoni nikamwambia hivyo. Hata mimi nikajiambia hivyo, ndio niweze kulala."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Wewe sasa umeitoa, umeskia poa. Mimi nayo nitaipeleka wapi?"

Maandiko niliyojua yalikuwa mengi, na hakuna hata moja nililothubutu kumsomea. Nilitamani kuyarudisha maneno yangu mdomoni. Nilikuja kujitibu, nikamnyang'anya kile kidogo kilichokuwa kinamlaza usingizi.

Mama yake akatoka na birika na vikombe vitatu. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Mbona mmenyamaza hivyo?"

Nilifungua mdomo. Kijana aliniwahi.

"Tunakumbuka tu mambo ya mechi, mathe," akasema, na akajilazimisha kutabasamu.

Mama akafurahi. Akasema ni vizuri mtu kutembelewa na marafiki, kisha akanimiminia mimi kwanza.