Sababu ya Nne ya Kasmiri

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeulalia mto, Kasmiri anachomeka upondo kwenye matope ya Kivukoni na kuusukuma mtumbwi wake majini.

"Shikilieni mizigo, si roho," anawatania abiria wake wawili. "Roho zenu ninazo mimi."

Mwandishi wa habari hii anacheka. Abiria wa pili hacheki. Huyo ni Balbina, mke wa Kasmiri, anayevuka kwenda kupalilia mpunga ng'ambo. Amemnunia mumewe tangu jana, na ugomvi wenyewe ni wa mji wa Tanga.

Kasmiri ana miaka arobaini na mitano, na thelathini ameimalizia katika mto huu wa Kilombero. Baba yake alivusha watu hapa hapa. Zamani alikuwa akivuka mara ishirini kwa siku, senti kumi kila kichwa. Tangu pantoni ianze kubeba malori pamoja na watu wake, akipata safari nne anamshukuru Mungu. Masika yaliyopita alishinda wiki nzima akichonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyeiulizia.

"Siombi kupumzika," anasema. "Mikono hii ikikaa bure inaniwasha."

Mwaka juzi, 1954, alikwenda Tanga kumchukua mjomba wake Severini, aliyekuwa ameugua huko kwenye shamba la mkonge. Mjomba alirudi mzima. Kasmiri ndiye aliyerudi mgonjwa, mgonjwa wa kuutamani mji ule!

Sasa Mbaruku, anayevusha watu kwa mashua kwenye ghuba ya Tanga, amemwandikia barua. Mwenzake amezeeka, nafasi ipo, lakini mwisho wa kungoja ni Juni. Kasmiri ameapa kwamba bila mkewe haendi. "Nimeoa kanisani, sikuazima," anasema. Na Balbina amekataa katakata.

Si kwamba hakubembelezwa. "Kule kazi ipo," Kasmiri anaanza, akihesabu kwa vidole huku upondo ukiwa kwapani. "Halafu watu wa Tanga wanasalimia, bwana! Unapita mlangoni kwa mtu usiyemjua, anakuuliza umeamkaje, na anangoja umjibu. Tatu, hakuna anayekuuliza kabila kabla hajakukaribisha kahawa."

"Hizo tatu nazijua kama Baba Yetu," Balbina anadakia. "Kwani hapa hatusalimiani? Binti yetu Konsolata yuko Mchombe na tumbo lake. Akijifungua, nani atamkanda? Mbaruku?"

Kasmiri analaza upondo, anashika kafi.

Mtumbwi unapofika katikati ya mto anainama, anateka maji kwa kiganja na kunywa. Hufanya hivyo kila safari. Ndivyo alivyofunzwa na baba yake: asiyeonja maji ya katikati hajavuka. Mwandishi anamuuliza, bila ubaya wowote, kama na kule Tanga alifanya hivyo.

Kafi inasimama hewani.

"Ee Mungu wangu," anasema Kasmiri. "Hilo sijamwambia mtu."

"Sema sasa," anasema Balbina.

"Siku ile nilipanda mashua ya Mbaruku. Tulipofika katikati, mkono ukaenda wenyewe. Nikateka, nikabugia funda zima. Ala! Chumvi tupu, macho yakanitoka. Watu wote wakacheka, hata mtoto mgongoni kwa mama yake! Nikatamani nizame."

"Na huyo Mbaruku?"

"Alicheka kuliko wote. Lakini alicheka huku anafungua mtungi wake. Jua lilikuwa kali na maji yalibaki kidogo, akanipa yote. Akaniambia, 'Kunywa, ndugu yangu, haya ya chini ni ya samaki.' Jioni akanichukua kwake, mkewe akanipikia. Siku tisa za kumngoja mjomba apone nililala pale, na hawakupokea hata ndururu yangu."

Balbina anaangua kicheko mpaka mtumbwi unayumba. Anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha kicheko kinamwisha ghafla.

"Mtu amekupa maji yake ya mwisho. Amekulaza siku tisa. Wewe umempelekea nini?"

"Nilimwandikia barua."

"Barua! Baba Konsolata, barua inaliwa? Miaka miwili unanitajia kahawa na salamu, kumbe jambo lenyewe umelikalia! Huko kwao watasema sisi Wandamba ni watu wa namna gani?"

"Niliona haya, Mama Konsolata. Mvushaji, mwana wa mvushaji, kushindwa na maji!"

Uso wake, ambao hata viboko hawajawahi kuutisha, umeinama kama wa mwanafunzi aliyekosa katekisimu. Mtumbwi unagusa ukingo. Balbina hashuki. Anapanga mambo kwa sauti, wala hamwombi mtu ushauri.

"Konsolata anajifungua mwezi wa nne. Nitamkanda siku zake arobaini. Tukimaliza kuvuna, Juni haijaisha, tunapanda lori. Tutawapelekea debe la mchele mpya, si wa mwaka jana, nami mwenyewe nitamkabidhi mke wa Mbaruku mkononi."

"Na kukaa?" anauliza Kasmiri.

"Mtu anayekucheka huku anakupa maji, mimi naweza kukaa jirani naye. Konsolata atatutembelea, barabara haijafungwa."

Kasmiri anavua kofia yake, anaivaa tena. Jioni hii, anamwambia mwandishi, ataijibu ile barua: wanakuja wawili, Mbaruku asimpe mtu mwingine nafasi.

Balbina ameshajitwika kapu lake na kuanza kuupanda ukingo. Juu kabisa anageuka.

"Nawe kule tukifika katikati," anamwambia mumewe, "mkono wako ukae ndani ya mashua."