Vidole vya Bura Pembeni mwa Shuka

Siku ya mnada pale Dongobesh mpiga picha alikuja kutoka Mbulu na kamera, shuka jeupe na koti moja jeusi. Koti hilo tulilivaa wote kwa zamu. Ukizitazama picha za zamani za mji huu utadhani tulishonewa na fundi mmoja. Shuka nalo halikuwa na pa kulitundika, kwa hiyo anayesubiri zamu alilishika nyuma ya anayepigwa.

Rafiki yangu Bura alinishikia. Ilipofika zamu yake, ameshaingiza mkono mmoja kwenye koti, filamu ikaisha.

"Basi, mnada ujao," akasema. "Sura yangu haichachi."

Kabla ya mnada huo vita vya Kagera vilianza. Mimi na Bura tulikuwa mgambo, tukachukuliwa pamoja na wenzetu, tukapanda lori. Mama yake Bura alisimama barabarani na Elizabeti, mdogo wake Bura, mgongoni, hata jino hajaota.

Watu huniuliza habari za vita kama za mpira, nani alimfunga nani. Wee! Mimi nakumbuka matope, na miguu ikioza ndani ya buti. Namkumbuka Bura akilalamika kwamba ndizi si chakula, yeye anataka ugali na maziwa.

Tulikuwa tumeshavuka mpaka. Ilikuwa asubuhi, tumejibanza kwenye migomba.

Mzinga ukalia.

Nililala chini. Bura hakuwahi.

Nikamgeuza. Nikamfunika na koti langu la mvua. Tukaamriwa kusonga mbele, nikasonga.

Kwao walilia bila maiti.

Mwaka huu mwalimu mmoja, kijana wa Iringa, anakusanya picha za zamani abandike ukutani shuleni, watoto waujue mji wao. Nikapeleka yangu. Siku hiyo Elizabeti naye alikuwepo, sasa ni bibi mwenye wajukuu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Alizipitia picha zote, moja baada ya nyingine, akimtafuta kaka yake. Wazazi wao walishafariki, na nyumbani hakuna hata picha yake moja. Na pale mezani hakumpata.

Nikamwonyesha yangu. Pembeni mwa shuka, nyuma ya bega langu, vinaonekana vidole vinne.

"Hivi ni vyake."

Akavigusa.

"Kaka, umebaki wewe tu unayemjua. Alikuwa na sura gani?"

Nikafungua mdomo. Jamani, miaka yote hii nimeishi na Bura kichwani, lakini sura ninayoiona ni ile niliyoigeuza kwenye migomba. Ile ya kabla yake naitafuta, siipati. Na hii siwezi kumpa dada yake. Iliniuma sana.

"Mlifanana," nikamwambia. "Wewe na yeye, kabisa."

Elizabeti akatoa simu, akawasha kamera, akajigeuzia. Alijitazama muda mrefu, akitabasamu na kufuta macho. Kama nilisema kweli sijui, na wa kumuuliza hayupo.